Siku nilipotoa ufunguo binafsi kwenye simu inayokufa, na b yangu ikageuka 6

Kioo cha simu yangu ya zamani kilianza kufa kidogo kidogo, robo ya chini haisikii kidole kabisa, ukitaka kuandika neno la siri inabidi ulaze simu ubavu ili kibodi ihamie sehemu ambayo bado ina uhai. Sikuwa na presha. Maneno yangu 12 ya kurejesha waleti (programu ya kutunzia kripto) ninayo, yako kwenye karatasi toka siku ya kwanza, basi nikachukua simu mpya nikaweka waleti ileile nikaanza kuingiza neno moja moja huku napiga mluzi, akaunti ya kwanza hii hapa na salio lake, akaunti ya pili, ile yenye mzigo wenyewe, haipo.

Yaani haipo. Nikafunga nikafungua, nikazima simu nikawasha, nikabonyeza kile kitufe cha kuongeza akaunti, ikaja akaunti kweli ila adresi yake (ile namba ndefu ya kupokelea hela) siijui na salio sifuri. Kijasho chembamba.

Nilichokuwa nimesahau ni kwamba ile akaunti ya pili haikuzaliwa ndani ya waleti hii. Niliileta kutoka programu nyingine niliyokuwa natumia zamani, nikabandika ufunguo wake binafsi, ile namba ya siri inayomiliki hela zake, ikakaa pale kwenye orodha sawa na mwenzake, baada ya muda nikasahau kabisa kwamba huyu ni mtoto wa kambo. Na maneno 12 yanazaa watoto wake tu. Kutoka kwenye maneno yale programu inapiga hesabu ya ufunguo wa kwanza, wa pili, wa tatu, kwa mpangilio uleule kila mara, mtindo huo uliandikwa kwenye BIP32 (BIP ni mapendekezo ya kiufundi ya Bitcoin) mwaka 2012 na maneno yenyewe yakaja na BIP39 mwaka 2013. Ufunguo ulioingia kwa kubandikwa haumo kwenye hesabu hiyo, unakaa ndani ya simu ile tu. MetaMask, moja ya waleti maarufu za kripto, wanalisema hili wazi kwenye maelezo yao, sema nani anasoma maelezo.

(Kama wewe akaunti yako ilizaliwa humohumo na bado haionekani, usianze kulia. Kwenye Bitcoin adresi zinazoanza na 1, zinazoanza na 3 na zinazoanza na bc1q kwa kawaida zinatoka kwenye njia tatu tofauti za hesabu hata kama maneno ni yaleyale, BIP44, BIP49 na BIP84, kwa hiyo huenda programu mpya inachungulia mlango usio wako. Hapo unabadilisha aina ya adresi kwenye setingi, hutoi ufunguo wowote.)

Mimi ilibidi nirudi kwa mgonjwa, kile kioo kibovu, nikatoe ufunguo kwa mkono.

Sasa kwa ambaye hajawahi kuuona, ufunguo binafsi ni namba moja tu, kubwa, ya biti 256. Waleti za Ethereum (mtandao mwingine wa kripto, si Bitcoin) na jamaa zake zinakuonyesha kama mfululizo wa alama 64, tarakimu 0 mpaka 9 na herufi a mpaka f. Hauna jina lako, hauna "nimesahau neno la siri", hauna mtu wa kumpigia. Watu wengi wanachanganya hapa, wanadhani neno la siri la programu ndo linalinda hela, kumbe lile linafunga tu nakala iliyomo kwenye simu yako. Mwenye zile alama 64 hahitaji simu yako, hahitaji alama ya kidole chako, anaziingiza popote alipo na anakuwa na haki sawa na wewe, na kwa Ethereum ufunguo uleule unafungua adresi ileile kwenye mitandao jamaa kama Polygon na BNB Chain pia, kwa hiyo ukivuja umevuja kote.

Ndo maana kabla sijabonyeza "onyesha ufunguo" nilikaa kwanza nikajiuliza namba hii ikitokea kwenye kioo, ni nani na nini kitaiona.

Wa kwanza ni picha. Mkono unawasha kupiga skrinshoti, nakubali, hasa kioo kikiwa kinakufa. Programu nyingi nzuri zinazuia skrinshoti kwenye ukurasa huo na watu wanalalamika, wengine wanachukua simu ya pili wanapiga picha kioo cha kwanza, wanajiona wajanja. Picha ikishaingia kwenye galari inapanda yenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni, umelala zako, afu inashuka kwenye tableti ya nyumbani ambayo watoto wanachezea gemu. Na mbaya zaidi, Februari 2025 Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, walitoa taarifa ya kitu walichokiita SparkCat, programu zilizokuwa Google Play na hata App Store ya Apple, zinaomba ruhusa ya kuona picha zako, ukikubali zinasoma maandishi yaliyomo ndani ya picha zikitafuta maneno ya kurejesha waleti. Zinasoma picha jamani. Galari yenye picha elfu sita si maficho tena.

Wa pili ni kopi na pesti. Hapa nitakaa kidogo maana ndipo kila programu inakupeleka, chini ya ufunguo kuna kitufe kizuri kabisa kimeandikwa "nakili". Zamani kwenye Android programu yoyote iliyokuwa inaendeshwa kimyakimya iliweza kusoma ulichonakili. Android 10 mwaka 2019 ikafunga hilo, inayosoma ni ile uliyoifungua mbele yako na kibodi unayotumia. Rudia hapo, na kibodi unayotumia. Kama umepakua kibodi ya nje kwa sababu ina emoji nzuri, hiyo imo ndani ya mlango, na kibodi nyingi zinaweka historia ya ulivyonakili, Gboard kwa mfano ukiiruhusu inavitunza kwa saa nzima. Kwenye iPhone iOS 14 ilileta tangazo dogo juu programu ikibandika kitu kutoka programu nyingine, na toka iOS 16 inakuomba ruhusa kwanza, sawa, ila hapohapo ulichonakili kwenye simu kinaweza kuruka mpaka kwenye kompyuta yako ya Mac kama vyote viko kwenye akaunti moja, na kama Mac hiyo ni ya ofisini basi hongera. Mwaka 2019 mwezi wa pili ESET, kampuni nyingine ya usalama, walikuta Google Play programu feki iliyojifanya MetaMask, kazi yake kuiba funguo, na juu yake ilikuwa inabadilisha adresi uliyonakili, unanakili ya kwako unabandika ya mwizi.

Kwa hiyo niliamua kalamu na karatasi. Nikaweka simu hali ya ndegeni, waifai nikahakikisha imezimika kweli maana simu nyingine ukiweka hali ya ndegeni waifai inarudi kinyemela, nikarudisha kibodi iliyokuja na simu, nikaingia chumba kisicho na watu nikafunga mlango. Hali ya ndegeni si dawa ya kila kitu, kama kuna mdudu ndani ya simu atasubiri mtandao urudi tu, ila inakupa nafasi ya kumaliza kazi bila kitu kurushwa palepale. Ningekuwa na wasiwasi na simu yenyewe nisingetoa ufunguo kabisa, ningehamisha hela moja kwa moja kwenda adresi mpya. Na ukweli ni kwamba hiyo ndo njia bora kuliko zote kama simu bado inafanya kazi vizuri, tuma hela, usitoe ufunguo, mimi sikuweza kwa sababu kitufe cha kuthibitisha kutuma kilikaa hukohuko chini kwenye kioo kilichokufa na ukurasa ule ulikataa kulala ubavu. Usinicheke.

Nikabonyeza. Programu ikaniomba neno la siri, ikaniambia nishikilie kitufe, namba ikatokea.

Kuandika alama 64 kwa mkono unaona ni kitu kidogo mpaka ufike ya thelathini. Niliandika mfululizo, bila kuacha nafasi, kwa haraka, roho iko mkononi, nasikia hatua koridoni nageuza simu. Nikamaliza, nikazima kioo, nikachukua simu mpya nikaingiza alama zote, ikakubali bila kelele, akaunti ikatokea.

Salio sifuri.

Nilikaa chini. Nilidhani nimeshaibiwa, kwamba kuna mtu alikuwa anasubiri nitoe ufunguo tu. Nikafungua kurasa ya kuangalia miamala ya mnyororo (blockchain, daftari la wazi la miamala yote) kwenye kompyuta, nikaandika adresi yangu ya zamani ambayo nilikuwa nayo kwenye rekodi, hela ziko palepale, hazijaguswa. Ndipo nikatazama ile adresi iliyotokea kwenye simu mpya, haifanani hata kidogo, si mwanzo si mwisho. Nimefungua nyumba ya mtu asiyekuwepo.

Hiki ndo kitu ambacho sijawahi kuona watu wanakisema vya kutosha. Ufunguo wa alama 64 hauna kipimo cha makosa ndani yake. Ukikosea alama moja programu haikwambii "umekosea", kwa sababu karibu kila mfululizo wa alama 64 ni ufunguo halali, wa adresi nyingine tu, tupu, na hesabu inavuruga kiasi kwamba kosa la alama moja linakupa adresi tofauti kabisa. Maneno 12 yana nafuu, neno la mwisho limebeba kipande cha ukaguzi, ukikosea neno kwa kubahatisha mara 15 kati ya 16 programu itakataa, na yamechaguliwa kutoka orodha ya maneno 2048 ambayo herufi nne za kwanza zinatosha kutofautisha kila moja (kwa Kiingereza lakini, Kiswahili hakimo kwenye orodha rasmi, wakati kuna ya Kicheki). Na Bitcoin ukitoa ufunguo mara nyingi unapewa muundo wa WIF, unaanza na K au L na una alama 52, ule wa kizamani unaanza na 5 una alama 51, huo nao una ukaguzi ndani, na waliouunda waliondoa kwa makusudi sifuri, O kubwa, I kubwa na l ndogo ili mtu anayeandika kwa mkono asichanganye. Walitufikiria. Kwenye zile 64 hakuna aliyetufikiria, b na 6 zimekaa pamoja kama mapacha.

Na mimi b yangu kwa mwandiko ni 6 yenye mkia ulionyooka. Ukiandika kwa haraka mkia unapinda.

Nikarudi kwenye simu ya zamani mara ya pili, bado inawaka, chaji asilimia kumi na kitu, na hapa nashukuru sana kwamba sikuifuta asubuhi ile, maana nilikuwa nimeshaandaa kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani nimpe mtu akabadilishe kioo. Ningeifuta, ningebaki na karatasi na kitendawili. Si kwamba ingekuwa mwisho kabisa, kosa la alama moja ni nafasi 64 mara alama 15 mbadala, majaribio 960, kompyuta inamaliza kabla hujapepesa macho ilimradi unaijua adresi unayoitafuta. Makosa mawili ni majaribio 453,600, bado yanawezekana. Lakini hiyo inamaanisha kuingiza ufunguo wako karibu-sahihi kwenye programu uliyoipata sehemu fulani, na zile tovuti za "tunakusaidia kurejesha ufunguo" ni midomo ya mamba, usizisogelee.

Safari hii nikaandika kwa makundi ya alama nne nne, makundi 16, kila moja kwenye kisanduku chake, b nikaifanya B kubwa na d nikaifanya D kubwa, kwenye muundo huu ukubwa wa herufi haubadilishi kitu (kwenye WIF unabadilisha kila kitu, usijaribu huko). Nikahakiki kuanzia kundi la mwisho kurudi la kwanza, kwa sababu ukisoma kuanzia mwanzo ubongo unajua kinachofuata na unadanganya. Sikusoma kwa sauti, simu siku hizi zina masikio. Kosa lilikuwa moja tu, kundi gani siwaambii, nimejifunza.

Nikaingiza tena. Adresi ikatokea, nikailinganisha na ya zamani yote, si zile nne za mwanzo na nne za mwisho tu. Kuna matapeli wanatengeneza adresi inayofanana na yako kichwa na mkia, wanakutumia vumbi la senti ili ikae kwenye historia yako, siku umechoka unanakili ya kwao.

Ikawa ndiyo yenyewe. Salio likaja. Nilipumua.

Watu wengi wangeishia hapo, na mimi nilitaka kuishia hapo, lakini ufunguo uliotoka nje ya waleti na ukapita kwenye karatasi, kwenye macho, kwenye kibodi ya simu ya pili, mimi nauhesabu kama umeshachakaa. Hujui nani aliuona na mwizi wa kripto anaweza kusubiri miezi mpaka salio linone. Agosti 2022 kwenye Solana, mtandao mwingine wa kripto, maelfu ya waleti yalikombwa ndani ya masaa, uchunguzi ukaangukia programu ya Slope, ilikuwa inatuma siri za watumiaji kwenye seva ya kumbukumbu za makosa, watu hawakubonyeza kitu chochote. Kwa hiyo siku ileile nikahamisha kila kitu kwenda akaunti ya kwanza, ile iliyozaliwa na maneno 12.

Na hapo nikakosea tena, ndo mimi huyo. Nilituma ETH zote (sarafu ya Ethereum yenyewe) kwanza kwa kubonyeza "kiasi chote", afu nikagundua tokeni (sarafu nyingine zinazokaa juu ya mtandao uleule) zimebaki nyuma na hakuna hata chembe ya kulipia gesi, yaani ada ya muamala inayolipwa kwa ETH, ya kuzihamisha. Ikabidi nirudishe ETH kidogo kule nilikotoka, ada juu ya ada. Tokeni kwanza, sarafu mama mwisho.

Hiyo gesi inanikumbusha utapeli mmoja unaofurahisha. Utakuta mtu kwenye kundi la Telegram anajifanya mgeni, kamwaga ufunguo wake binafsi hadharani, "naombeni msaada nitoeje hela", ukiuingiza unakuta USDT (tokeni ya thamani ya dola) nzuri tu, ila gesi hakuna. Unatuma gesi yako ili uwahi kabla ya wengine, na kabla hujavuta pumzi roboti imeshaikomba, au akaunti ilifungwa toka mwanzo isiweze kutoa bila saini ya mtu wa pili. Tamaa yako ndo ilikuwa inavuliwa.

Kwa wenye Bitcoin kuna jambo moja zaidi ambalo lilinishtua nilipolisoma. Ile xpub, ufunguo mkuu wa kutazamia, ambao watu wanaugawa kirahisi kwa mhasibu au kwa programu ya kuangalia salio kwa sababu "hauwezi kutumia hela", ukikutana na ufunguo binafsi mmoja tu wa adresi ya kawaida chini yake, hesabu inarudi nyuma na kutoa ufunguo mkuu wa akaunti yote. Si udhaifu uliofichwa, umeandikwa ndani ya BIP32 yenyewe. Kwa hiyo ukimpa mtu ufunguo wa adresi moja yenye salio dogo, "si hela nyingi", na xpub anayo, umempa na zile nyingine. Na kinyume chake pia kinauma, ukitoa ufunguo wa adresi moja ukadhani umebeba waleti nzima, chenji za miamala yako zinakaa kwenye adresi nyingine ambazo ufunguo huo hauzijui. Kwa waleti ya Bitcoin beba maneno, sio ufunguo mmoja mmoja.

Rafiki yangu mmoja nilipomsimulia akaniuliza kwa nini sikuandikia tu sapoti ya programu wanisaidie kutoa. Nilicheka lakini kwa ndani niliogopa, maana alikuwa hatanii, na yuko mtu sasa hivi anajiita sapoti anasubiri swali kama hilo.

Simu ya zamani niliiweka siku nne bila kuigusa, akaunti ya kwanza kwenye simu mpya nikatuma kidogo nikapokea kidogo kuona inafanya kazi kweli, ndo nikaifuta. Kioo kikagoma kusikia kitufe cha mwisho cha kuthibitisha kufuta, ambacho bila shaka kilikuwa chini, nikakilaza ubavu. Ile karatasi ya makundi 16 sijaichoma, adresi ile bado inaangukiwa na kitu kidogo mara mojamoja kutoka kwa watu ambao bado wanayo. Iko kwenye bahasha, B zote kubwa, na ule ukurasa wa kwanza wenye b iliyopinda niliuchana vipande nikavitupa kwenye mapipa mawili tofauti.